Kupambanua bila kupoteza neema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kanisani

Maswali haya huulizwa mlangoni baada ya ibada, kwenye vikundi vya maombi, na mara nyingi kwa sauti ya chini. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mshirika wa kawaida mwenye Biblia mkononi. Msimamo wetu tuuseme mapema ili usikushangaze huko mbele: kanisa linalopambanua bila neema huumiza watu, na kanisa lenye neema isiyopambanua huumiza watu vilevile. Tofauti ni kwamba wanaoumizwa na la pili huwa ni wanyonge, na kilio chao huchelewa kusikika.

Yesu alisema "msihukumu". Kwa nini basi tuzungumzie kupambanua?

Kwa sababu mahali palepale alisema na mengine. Sura ya 7 ya Mathayo inaanza na "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi", lakini endelea kusoma. Mstari wa 5 unamtaka mtu aitoe kwanza boriti iliyo jichoni mwake, ndipo aone vema kukitoa kibanzi cha ndugu yake. Kibanzi hakiachwi humo; kinatolewa, ila na mtu aliyeshughulikia jicho lake kwanza. Mstari wa 15 unaonya juu ya manabii wa uongo wanaokuja wamevaa mavazi ya kondoo, na wa 16 unasema watatambulikana kwa matunda yao. Hayo huwezi kuyatii huku umefumba macho. Tena katika Yohana 7:24 Bwana mwenyewe anaagiza: "Basi msihukumu hukumu ya macho tu, bali ifanyeni hukumu iliyo ya haki."

Kinachokatazwa ni kukalia kiti cha Mungu, yaani kutangaza moyo wa mtu ukoje na mwisho wake utakuwaje. Kupima neno lililosemwa na tendo lililotendwa ni jambo jingine, na hilo tumeagizwa. Kusema "fundisho hili halilingani na injili" ni kupambanua. Kusema "huyu hakuokoka hata siku moja" ni kujitwalia kazi isiyo yako.

(Inashangaza jinsi mstari wa "msihukumu" unavyokumbukwa upesi pale mtu anapoulizwa hesabu za sadaka.)

Je, kupambanua ni karama ya wachache au ni kazi ya kila mshirika?

Yote mawili. Paulo anataja kupambanua roho kati ya karama katika 1 Wakorintho 12:10, kwa hiyo wapo waliojaliwa zaidi. Lakini Yohana aliwaandikia waumini wote kwamba wasiiamini kila roho bali wazijaribu, na Wathesalonike kwa jumla waliambiwa: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Sisi hupenda kunukuu nusu ya kwanza. Nusu ya pili nayo ni amri, na mtu anayejaribu mambo yote bila kushika lolote hajaitii.

Watu wa Beroya ndio mfano unaotajwa kila mara, na wanastahili. Matendo 17:11 inasema walilipokea neno kwa moyo wa utayari, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo yale ndivyo yalivyo. Waliyekuwa wakimchunguza ni Paulo, na Luka anawaita waungwana kwa sababu hiyo.

Waebrania 5:14 inaongeza kwamba akili huzoezwa kupambanua mema na mabaya kwa kutumiwa. Ni mazoezi, basi, na mwanzoni mtu hukosea. Kuwa na tahadhari na yule anayedai ana karama hii kisha roho chafu anazoziona kila siku zimo ndani ya watu wasiokubaliana naye.

Nitajuaje kama fundisho ni potofu, au ni tofauti tu ya madhehebu?

Soma barua mbili za Paulo kwa pamoja. Katika Wafilipi 1:15-18 yuko kifungoni, na wapo wanaohubiri kwa husuda na fitina, wakikusudia kumwongezea dhiki. Anasemaje? Kristo anahubiriwa, naye anafurahi. Sasa nenda Wagalatia 1:8: hata kama ni malaika kutoka mbinguni atakayehubiri injili nyingine, na alaaniwe. Wa kwanza wana nia mbaya na injili sahihi, na Paulo anawavumilia. Wa pili anaweza kuwa na mng'ao wa malaika, lakini injili yake si ile, na hapo Paulo halegezi hata kidogo.

Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Mhubiri mwenye haiba na sauti tamu tunamwachia hata akipotosha msalaba, halafu tunakata uhusiano na ndugu wa kanisa jirani kwa sababu wanabatiza kwa namna nyingine au wanaimba kwa mtindo tusioupenda.

Kipimo cha zamani kinasaidia. Imani ya Nikea, iliyotungwa katika mtaguso wa mwaka 325 na kupanuliwa kule Konstantinopoli mwaka 381, inataja yale ambayo makanisa ya mashariki na magharibi yameyashika: Mungu mmoja, Kristo aliye Mungu kweli na aliyefanyika mtu, kusulubiwa kwake, kufufuka kwake, kuja kwake tena. Anayekana hayo anatoka nje ya nyumba. Anayetofautiana nawe juu ya utaratibu wa ibada, mfumo wa uongozi au mpangilio wa siku za mwisho mngali nyumba moja, hata kama mko vyumba tofauti.

Na kabla hujamwita mtu mwalimu wa uongo, jiulize kama ni mwongo au hajafundishwa vizuri. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye nguvu katika Maandiko, na bado alijua ubatizo wa Yohana Mbatizaji tu. Prisila na Akila walimsikia sinagogi kule Efeso. Hawakusimama kumkatiza wala hawakuzunguka wakisema "huyu kijana ana upungufu". Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Baadaye tunamwona akiwa kule Akaya, akiwasaidia sana waumini. Ni mstari mmoja tu wa Biblia, na ungeweza kuokoa makanisa mengi na migogoro mingi.

Mtu ameniletea unabii. Nifanye nini?

Usiudharau na usiukimbilie. Agano la Kale linatoa vipimo viwili, na vinatakiwa vitumike pamoja. Kumbukumbu la Torati 18:22: neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Kumbukumbu la Torati 13:1-3: hata ishara ikitokea, ikiwa nabii anakuvuta kwa miungu mingine, usimsikilize. Kwa hiyo "lakini alichosema kilitokea" si hoja inayomaliza mjadala. Swali linalofuata ni: unabii huo unanipeleka wapi?

Angalia Yeremia 28. Hanania anasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudishwa kutoka Babeli. Ni habari njema, habari ambayo kila aliyekuwepo aliitamani. Yeremia ana nira shingoni, ishara ya kuitii Babeli, na ujumbe wake ni kinyume kabisa. Hamrukii. Anasema, "Amina! BWANA na atende hivyo." Anatamani ingekuwa kweli! Kisha anakumbusha kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake linapotimia. Hanania anaivunja ile nira mbele ya watu, na Yeremia anaenda zake. Ni baadaye tu, neno la Bwana lilipomjia, ndipo aliporudi na kumwambia wazi: Bwana hakukutuma, nawe unawatumainisha watu hawa maneno ya uongo. Hanania akafa mwaka uleule, katika mwezi wa saba.

Sura inayofuata, yenye barua ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli, ndiyo yenye ule mstari wa 29:11 ambao wengi tunaujua kwa moyo, wa mawazo ya amani na si ya mabaya. Mstari wa 10, unaoutangulia, unasema watakaa huko miaka 70. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini wengi wa waliosomewa barua ile wangezikwa ugenini. Anayekutabiria kwa 29:11 bila 29:10 amekupa nusu ya neno.

Kanisa la kwanza nalo lilikabiliana na wasafiri wa namna hii. Didake, mwongozo wa kanisa wa zamani sana ambao wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, unaelekeza kwamba mtume, yaani mhubiri msafiri, apokewe kama Bwana na akae siku moja, au mbili kama kuna haja. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka achukue mkate tu. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Na anayesema "kwa Roho" apewe fedha asisikilizwe, isipokuwa anaomba kwa ajili ya wahitaji wengine. Waliotunga kanuni hizo walikuwa wamekwisha kuona mengi.

Unabii unaokutaka utoe pesa leoleo, umwache mwenzi wako wa ndoa, uache dawa, au usimwambie mtu yeyote, usifanyie kazi lolote kabla hujawashirikisha watu wawili watatu waliokomaa ambao hawanufaiki na uamuzi wako. Kuhusu dawa hasa, daktari wako ndiye wa kuamua nawe.

Kumhoji mchungaji si kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana?

Hapana. Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu, inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache nchini, na wafalme waliokuwa na uwezo wa kuwadhuru. Inamlinda mnyonge mbele ya mwenye mamlaka. Kuigeuza iwe ngao ya mwenye mamlaka dhidi ya mnyonge ni kuipindua.

Daudi, ambaye huletwa kama shahidi wa hoja hii, alikataa kumuua Sauli pangoni. Hakukataa kusema. Alitoka nje, akamwita mfalme mbele ya jeshi lake, akamwonyesha kipande cha vazi alichokikata, akamuuliza mbona anamwinda (1 Samweli 24). Nathani alimkabili Daudi. Paulo alimkabili Petro kule Antiokia mbele ya wote, na sababu yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Petro alikuwa akila na watu wa mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Hebu ione ile meza: waliobaki ni waumini wa mataifa, wanatazama viti vilivyoachwa wazi, na ujumbe wameupata bila mtu kufungua mdomo. Kosa lilitendwa hadharani na lilikuwa linawajeruhi watu hadharani, hivyo onyo nalo likawa la hadharani. Na undugu haukuvunjika: 2 Petro 3:15 inamtaja Paulo kama ndugu mpenzi.

Pamoja na hayo, 1 Timotheo 5:19 inakataza kupokea mashitaka juu ya mzee wa kanisa bila mashahidi wawili au watatu. Kiongozi asichafuliwe kwa uvumi. Mstari wa 20, ambao husomwa mara chache zaidi, unaagiza kwamba wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote.

Nimesikia jambo baya kuhusu mshirika mwenzangu. Nianzie wapi?

Anza kwa kutolisema. Mithali 18:13 inaita kujibu kabla ya kusikia upumbavu na aibu, na mstari wa 17 unakumbusha kwamba anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka jirani yake aje kumchunguza. Umesikia upande mmoja. Jiulize: aliyeniambia aliona mwenyewe? Jambo hili linanihusu? Nikikaa kimya, kuna anayeumia?

Kama linakuhusu, Mathayo 18:15 iko wazi: nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Akikusikia, umempata ndugu yako. Huo ndio mwisho unaokusudiwa; hatua za mashahidi na kanisa ni kwa ajili ya aliyekataa kusikia. Ukifika kwake anza kwa kuuliza. "Dada, nimesikia hivi na sikutaka kuamini kabla sijakuuliza" hufungua mlango ambao "Nimekuja kukuonya" huufunga kwa nguvu.

Na lile la kusema "Tumwombee fulani, anapitia majaribu, mnajua mambo ya ndoa yake..." ni umbea uliofumba macho. Ukitaka kumwombea, Mungu anajua jina lake bila kikundi kizima kuelezwa.

Je, utaratibu huo unatumika hata kwenye unyanyasaji, ubakaji au wizi wa mali ya kanisa?

Hapa ndipo makanisa mengi yamekosea vibaya, kwa hiyo tuseme bila kuzunguka. Mathayo 18 haimlazimishi mtoto, mwanamke aliyepigwa au mtu yeyote aliyedhulumiwa kuingia chumba kimoja na aliyemuumiza ili "wayamalize". Jambo la jinai linapelekwa kwenye vyombo vya dola. Warumi 13:4 inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu, na kanisa halina polisi wala mahakama ya kuchukua nafasi yake. Kanisa linapomwambia aliyeumizwa asishtaki "ili jina la Bwana lisitukanwe", linalolindwa kwa kweli ni jina la taasisi.

Kinachofuatana na hilo ni utaratibu wa kawaida wa usalama. Anayetuhumiwa anaondolewa kwenye huduma ya watoto au ya vijana mara moja wakati jambo linachunguzwa, na hiyo si kumhukumu kuwa na hatia. Uchunguzi haufanywi na ndugu zake wala na wanaomtegemea kwa mshahara. Aliyeumizwa anapata mtu wa kukaa naye, na hasukumwi kutamka "nimesamehe" ili watu wapate amani.

Angalia ni nani kwa kawaida anaombwa awe na neema. Mara nyingi ni yule aliyekwisha kupoteza.

Nikisamehe, ni lazima nimwamini tena? Na kiongozi aliyeanguka arudi madhabahuni?

Msamaha na uaminifu ni vitu viwili. Msamaha unaweza kutolewa leo; uaminifu hujengwa kwa muda, na mkosaji hana haki ya kuudai. Toba nayo ina sura yake. Zakayo hakuishia kulia, alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyenyang'anywa arudishiwe mara nne.

Kwa kiongozi, tofautisha kurudi kundini na kurudi kwenye ofisi. Kundini anarudi kila anayetubu. Ofisi ina masharti yake katika 1 Timotheo 3, ikiwemo kutokuwa na lawama na kushuhudiwa vema na watu wa nje, na makosa mengine yanaifunga nafasi hiyo kabisa, hasa pale cheo chenyewe kilipotumika kuwadhuru watu. Makanisa hutofautiana juu ya makosa yapi na muda gani. Maoni yetu: kiongozi anayeharakisha kurudi jukwaani bado hajaelewa alichokifanya.

Kumtenga mtu na ushirika, neema iko wapi hapo?

Iko kwenye kusudi lake. Katika 1 Wakorintho 5 Paulo anaamuru mtu aondolewe, ili roho yake iokolewe. Katika 2 Wakorintho 2:5-11 anazungumzia mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, na sasa anawasihi wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi. Wasomaji wa zamani wengi walimwona kuwa mtu yuleyule, na wengi wa leo wanamwona mwingine. Kwa swali letu haibadilishi kitu. Kanisa lilijua kufunga mlango, likahitaji kukumbushwa kuufungua.

Somo hilo lilirudi kwa nguvu baada ya mateso ya Kaisari Desio mwaka 250. Kila mtu alitakiwa atoe dhabihu kwa miungu na apate hati ya kuthibitisha, na baadhi ya hati hizo za mafunjo zimepatikana Misri. Wakristo wengine walikufa, wengine walitoa dhabihu, wengine walinunua hati bila kutoa dhabihu. Mateso yalipopoa, walioanguka wakabisha hodi. Kule Roma kasisi aitwaye Novatiano alisema kanisa haliwezi kuwapokea tena. Wengine walitaka wapokewe papo hapo, bila kuulizwa lolote. Sipriano, askofu wa Karthago, na maaskofu waliokutana naye mwaka 251 walikataa njia zote mbili: kila kesi isikilizwe, walionunua hati wasiwekwe kundi moja na waliotoa dhabihu, toba iwepo, na tumaini la kurudi lisizimwe. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na Sipriano alilaumiwa na pande zote. Yeye mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Na mambo ya vyakula, siku, mavazi na vinywaji?

Warumi 14. Mwenye nguvu asimdharau aliye dhaifu, na aliye dhaifu asimhukumu mwenye nguvu. Soma sura nzima kabla hujamwandikia mtu ujumbe.

Ni lini niondoke kanisani?

Si kwa sababu ya kwaya, wala kwa sababu mchungaji hakukutembelea ulipougua, ingawa hilo mwambie. Ondoka pale injili yenyewe inapobadilishwa na viongozi wamekataa kusikia. Pale dhuluma inapofichwa. Pale kuuliza swali kunapoitwa uasi. Au pale wewe au watoto wako hamko salama. Hilo la mwisho halisubiri kikao.

Ukiondoka, aga. Sema sababu kwa waliohusika, kwa ufupi na kwa ukweli, usiwavute wengine kwa siri. Paulo na Barnaba walitengana kwa ugomvi mkali juu ya Marko (Matendo 15:39), na miaka baadaye Paulo anaagiza Marko aletwe, kwa maana anamfaa kwa utumishi.

Nimegundua niliyemsema hakuwa na kosa. Nifanyeje?

Mwendee, utaje ulichosema na uliowaambia. Usiseme "kama nilikukwaza", ulimkwaza. Usimdai akusamehe siku hiyohiyo. Kisha rudi kwa kila uliyemwambia umweleze kwamba haikuwa kweli, na kama habari ilipita kwenye kundi la simu, marekebisho yapite humohumo, mbele ya walewale walioisoma.